Kwa Nini Uendelee Kusomea Umeme?

Kijana akiisha kupata shahada yake ya kwanza ya umeme, kisha akasema, "Nataka kusoma tena," wazazi huuliza karo itatoka wapi. Swali hilo ni la haki. Lakini liko swali jingine lililo kubwa zaidi: Anataka kusoma kwa nini?

Majibu huwa matatu. Wa kwanza husema, "Nipate mshahara mzuri." Tusimcheke, kuwatafutia watoto chakula kwa kazi ya halali si dhambi. Wa pili husema, "Niitwe mkubwa." Huyu ajihadhari. Sifa ni kama moshi: hupanda juu, wala hauivishi chungu. Wa tatu husema, "Niwasaidie watu wetu." Jibu hili twalisifu upesi. Hata hivyo lina upungufu wake, na hapo tufikiri pamoja.

Tuchukue Manguredjipa, penye msitu na machimbo ya dhahabu, magharibi ya Butembo. Tuseme kijana ameona huko kijito chenye lita 100 za maji kila sekunde, nayo huanguka meta 10. Kwa hesabu, nguvu yake ni karibu kilowati 10. Mashine zikiisha kula sehemu yao, hubaki 6 au 7. Zatosha taa za chumba cha kuzalia na friji ya chanjo. Wala si ndoto: huko Mutwanga, chini ya Ruwenzori, tangu mwaka 2013 maji ya mlimani yalianza kutoa kilowati zipatazo 400 kwa kazi ya Hifadhi ya Virunga.

Lakini kijito chetu kiko kilometa mbili kutoka nyumba ya wagonjwa. Kijana akiupeleka umeme kwa volti 220 tu, nguvu nyingi itapotea njiani, na taa zitafifia. Akizidisha volti mara kumi kwa transfoma, mkondo utapungua mara kumi, na hasara katika waya zile zile itapungua mara mia. Vema! Lakini volti nyingi huua. Pasipo vifaa vya kukata umeme mara moja, waya ukianguka shambani utamwua mama aendaye kulima.

Mambo hayo huruma haiwezi kuyafundisha. Aliye na moyo mwema bila ujuzi aweza kuua watu wale wale anaowapenda. Basi kwake yeye kusoma zaidi si anasa. Ni deni la upendo.

Je, ujuzi peke yake watosha? Hapana. Tazameni Inga, katika mto Kongo, ambako mabwawa mawili yalianza kazi mwaka 1972 na 1982. Kutoka huko ilijengwa njia ya umeme ya kilometa zipatazo 1,700 mpaka Kolwezi, kwa ajili ya machimbo ya shaba ya Katanga. Ni kazi ya ajabu. Lakini waya zake zilipita juu ya vijiji vilivyobaki gizani. Umeme ule ni wa mkondo usiogeuka, na kuuchota njiani kwahitaji kituo cha gharama kubwa. Mainjinia wale hawakukosa akili. Walipewa swali la machimbo, wakalijibu vizuri; swali la vijiji hawakupewa.

Basi, ewe kijana, kabla hujaandika barua ya kuomba nafasi, jiulize: Ni mto upi, ni kijiji kipi, ni shida gani iliyonishinda kwa elimu niliyo nayo sasa? Kama huna jibu, fanya kazi kwanza pamoja na wale wapandao nguzo na kufunga waya; shida zitajionyesha zenyewe. Kama jibu unalo, nenda nalo shuleni, wala usikubali kulisahau. Mshahara na heshima vikija nyuma yake, vipokee kwa shukrani.

Nanyi wazazi, mnaouza mbuzi na maharagwe ili mtoto asome, msimwulize tu atarudi na cheo gani. Mwulizeni atarudi na jibu gani.