Haki ya Kumfunza Mzazi

Mhudumu wa afya aingiapo nyumbani mwa mtu kutazama kidonda au kumpima mtoto uzito, hapana amwulizaye haki yake. Lakini anenapo juu ya fimbo, matusi, michezo na mazungumzo baina ya mzazi na mwanawe, swali huzuka mara moja: nani amempa mamlaka ya kufunza malezi katika nyumba isiyo yake?

Swali hili lina uzito Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro, ambako mkulima, mfugaji na mchuuzi wa kando ya barabara kuu iendayo Zambia huishi jirani, kila mmoja na desturi yake. Mwaka 2021 Tanzania ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Na Januari 2024 ikaanzisha mpango wa kuwafunza wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Haja ipo. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu vijana watatu katika kila wanne walikuwa wametendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18, aghalabu mikononi mwa jamaa na walimu.

Yuko asemaye kuwa mtoto ni wa wazazi wake, na mtu wa nje hana neno. Hoja hii hujivika vazi la mila, lakini mila yenyewe haiungi mkono. Wakaguru na Wasagara huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi yao mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya mtoto. Malezi hayakuwa siri ya nyumba moja. Walakini sauti ile haikuwa ya bure: mpwa alipotenda kosa, mjomba na ukoo walibeba fidia. Aliyeshauri alishiriki mzigo.

Hapa ndipo kilipo kipimo cha haki. Mhudumu amwambiaye mama aliyepalilia tangu alfajiri kuwa hachezi na mwanawe vya kutosha, huongeza lawama juu ya uchovu. Humtendea mzazi lile analomkataza kumtendea mtoto. Upole haufundishwi kwa karipio. Lakini akiketi, akasikiliza, akaonyesha kuwa neno jema laweza kusemwa hata jembe likiwa mkononi, kisha akarudi siku mtoto augupo, huwa ameingia katika mzigo, na sauti yake hupata haki.

Huenda mzazi akajibu: samaki mkunje angali mbichi. Methali ni kweli. Bali samaki hukunjika kwa ubichi wake, si kwa kipigo. Ampigaye humponda, hamkunji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikataza adhabu za kikatili, lakini iliacha nafasi kwa adhabu ya kiasi, wala haiwezi kuweka mlinzi katika kila jiko. Pale sheria ikomapo, mafunzo huanza.

Basi mafunzo hayo yasipimwe kwa wingi wa masomo ambayo mhudumu ameyakariri, bali kwa namna yeye mwenyewe alivyofunzwa na anavyotunzwa. Aliyefunzwa kwa dharau hufunza kwa dharau. Na atakiwaye kubeba mizigo ya wengine pasipo ujira huitua njiani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mfunzi wa wazazi ni vivyo hivyo.