Nahodha na mpinzani aliyetolewa

Februari 1980, mechi ya kriketi, uwanja wa Wankhede, Bombay. Wiketi 5 za Uingereza zimeshaanguka kwa mikimbio 58. Mwamuzi ananyoosha kidole: mpigaji Bob Taylor atoke. Taylor anasitasita, kwake yeye mpira haukugusa gongo. Nahodha wa India, Gundappa Viswanath, anamwendea mwamuzi na kuomba mpigaji arudishwe. Ushirika wa Taylor na mwenzake Ian Botham ukafikia mikimbio 171, na India ikafungwa.

Huo ndio uongozi ninaouheshimu. Kumtendea haki mpinzani wakati umeshamwacha mbali si kazi. Viswanath alifanya hivyo mechi ikiwa bado haijulikani itaangukia kwa nani.

Julai 2011, Nottingham, zamu ikawa ya nahodha mwingine wa India, Mahendra Singh Dhoni. Mpigaji wa Uingereza Ian Bell, akidhani mpira umevuka mpaka, alianza kuondoka kwenda mapumziko ya chai, akatolewa kwa dai la Wahindi, kwa mujibu kabisa wa sheria. Andrew Strauss, nahodha wa Uingereza, akaenda kuwaomba wafikirie upya. Dhoni na wenzake wakakubali kuondoa dai lao. Watazamaji waliokuwa wakizomea wakashangilia kumwona Bell akirudi. Alikuwa na 137. Akatoka na 159.