Je, Ni Kweli "Kufa Kufaana"? Fikira juu ya Bei Inayoshuka

Wahenga walisema: kufa kufaana. Maana yake, hasara ya mmoja huwa faida ya mwingine. Methali hii twaisikia sokoni kila mara bei ya kitu inapoanguka. Aliyeuza analia, aliyenunua anacheka, na watu husema ndivyo dunia ilivyo. Lakini je, ndivyo ilivyo kweli? Na kama ndivyo, je, ni haki?

Sisi wa Lubumbashi tuna sababu ya kuuliza hivyo kuliko wengi. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na tangu hapo bukari ya watoto wetu imefungamana na bei ambazo hatuzipangi sisi. Bei ya shaba hupangwa London. Bei ya mafuta ya petroli nayo hupangwa mbali. Sisi twaletewa habari baadaye, kwa njia ya mshahara na kwa njia ya meka ya unga.

Tutazame kwanza mambo yaliyotokea, ndipo tuhukumu.

Mwezi wa Juni 2014 pipa moja la mafuta liliuzwa kwa dola zipatazo 115. Kufika Januari 2016, pipa lile lile halikufikia dola 30. Sababu zake zajulikana. Wamarekani walikuwa wamepata njia mpya ya kutoa mafuta katika miamba, wakayatoa kwa wingi. Nchi za umoja wa OPEC zilikutana Vienna mwezi wa Novemba 2014, zikakataa kupunguza mafuta yao. Tena Uchina, mnunuzi mkubwa, ilianza kupunguza mwendo wake wa kujenga. Vitu vikawa vingi, wanunuzi wakawa wachache, bei ikaanguka.

Wengi walifurahi. Mwenye gari huko Ulaya alijaza tangi lake kwa fedha kidogo. Lakini jirani yetu Angola, ambaye zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mali anayouza nje ni mafuta, aliingia katika shida kubwa. Nigeria iliona uchumi wake ukirudi nyuma mwaka 2016. Huko Marekani kwenyewe wafanyakazi wa visima waliachishwa kazi kwa maelfu. Mpaka hapa methali yasimama: huyu alikufa, yule akafaidika.

Sasa tuje kwetu. Kongo yachimba mafuta kidogo kule Muanda karibu na bahari, lakini esansi na mazuti ya Lubumbashi hutoka ng'ambo. Hushushwa katika bandari kama Dar es Salaam, hupita Zambia juu ya malori, na kuingia Kasumbalesa. Basi kwa habari ya mafuta sisi ni wanunuzi, na ilitupasa kuwa upande wa wanaocheka. Kamiyo zinazoleta unga wa mahindi kutoka Zambia hunywa mazuti. Taksi-basi za Katuba na Ruashi hunywa esansi. Mashine ya kusaga na jenereta ya fundi, umeme ukikatika, hunywa vilevile. Je, tulicheka?

Hatukucheka, na sababu yake yafaa kuangaliwa vema. Kule kupungua kwa ununuzi wa Uchina kulikoshusha mafuta ndiko kulikoshusha na shaba, kwa maana Uchina hununua karibu nusu ya shaba ya dunia. Mwanzo wa 2011 tani moja ya shaba ilikuwa karibu dola 10,000. Januari 2016 ilikuwa chini ya dola 4,500. Mwezi wa Septemba 2015 kampuni ya Glencore ilitangaza kusimamisha uzalishaji wa shaba katika machimbo ya KCC kule Kolwezi, na haukuanza tena mpaka Desemba 2017. Nchi ikapata dola chache, faranga ikalegea. Mwaka 2015 dola moja ilibadilishwa kwa faranga zipatazo 920. Mwisho wa 2017 ilitaka karibu faranga 1,600. Hivyo mafuta yalikuwa rahisi kwa mwenye dola. Kwa mwenye faranga urahisi ule uliliwa njiani, na kwa asiye na kazi hakuna kitu kilicho rahisi.

Tena tukumbuke namna bei ya esansi inavyofanywa hapa kwetu. Hupangwa na serikali kule Kinshasa, na ndani yake mna mengi: mafuta yenyewe, usafiri wa barabara ndefu, ghala, faida ya wauzaji, na kodi. Pipa likishuka, hayo mengine hayashuki pamoja nalo. Kwa hiyo hata pipa likipoteza robo tatu ya bei yake, mnunuzi wa kituoni hawezi kuona robo tatu ile.

Hapo twajifunza mambo mawili.

La kwanza: hasara hushuka upesi, faida hushuka polepole. Faida ni kama maji ya mfereji yanayopita katika mashamba mengi. Kila mwenye shamba hufungua kidogo upande wake, na yule wa mwisho hupata matope. Hasara ni kama jiwe linaloporomoka mlimani. Halisimami mpaka limfikie aliye chini. Waulizeni wakrezeri, wachimbaji wetu wa mikono. Mwanzo wa 2018 tani ya kobalti ilipita dola 90,000. Mwaka uliofuata ilishuka hata karibu dola 30,000. Mnunuzi wa depo hakungoja mwaka kwisha ndipo apunguze malipo ya mfuko. Lakini simu zenye kobalti ndani yake, ni nani aliyeziona zikiuzwa kwa theluthi ya bei?

La pili ni kubwa zaidi. Methali ya kufa kufaana yadhani watu wawili: mmoja anakufa, mwingine anafaana. Lakini katika nyumba zetu mnunuzi na mfanyakazi ni watu wa jamaa moja. Baba afanya kazi ya kandarasi katika machimbo, mama apima unga sokoni Kenya, kijana aendesha pikipiki, na wote hula chungu kimoja. Bei ikishuka, mkono mmoja wa nyumba hupokea kidogo na mkono mwingine hupoteza kingi. Nayo dunia, tukiitazama vema, ni nyumba ya namna hiyo. Mfanyakazi wa kisima cha Angola asiye na mshahara hanunui tena kwa mfanyabiashara, naye mfanyabiashara haagizi tena, na mwisho wake hasara yapiga hodi kwa yule aliyecheka.

Mtu atatuuliza: Basi mwataka bei zikae juu siku zote? Sivyo. Bei kubwa nayo ina majeruhi wake. Mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974 mafuta yalipanda karibu mara nne, na nchi maskini zikaumia. Katika mwaka huo wa 1974 shaba ilipanda sana hata mwezi wa Aprili, kisha ikaanguka zaidi ya nusu kabla ya mwaka kwisha. Nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, ilikuwa imekopa kama kwamba bei ile ingedumu milele. Njia ndefu ya umeme kutoka Inga mpaka kwetu Katanga ilijengwa kwa mikopo ya miaka ile, na deni likabaki baada ya bei kuondoka. Basi bei kubwa si haki yenyewe, wala bei ndogo si dhambi yenyewe. Haki yatazamwa katika yale watu wanayotendeana bei inapopanda na inapoanguka.

Juu ya jambo hili walimu wa zamani watusaidia. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikubali kwamba bei ya haki haiwezi kupimwa kama kwa uzi. Yaweza kuongezeka na kupungua kidogo. Lakini alifundisha kwamba muuzaji hana ruhusa kupandisha bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida kubwa, maana shida ya mwenzangu si mali yangu hata niiuze. Papa Leo XIII mwaka 1891 alifundisha kwamba mshahara hauwi wa haki kwa sababu tu mfanyakazi ameukubali, iwapo hautoshi kumlisha. Naye Papa Paulo VI mwaka 1967 aliyapeleka mafundisho hayo mbele, mpaka katika biashara ya mataifa: nguvu zisipolingana, kukubaliana tu hakutoshi. Mkrezeri anayeuza mfuko wake jioni kwa sababu watoto hawajala, amekubali kweli. Lakini tusiite kukubali huko uhuru.

Kutoka hapo twaona wajibu wa kila mmoja.

Wenye kutawala wanapaswa kuifanya miaka ya bei kubwa kuwa ghala ya miaka ya bei ndogo, kama Yosefu alivyofanya kule Misri. Tumeona mwisho wa kutoweka akiba. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondolewa kazini katika mpango uliolipiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, na wengi wao walikuwa wamekaa muda mrefu bila mshahara. Kampuni iliyokuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 haikuwa na kitu cha kuwashika mkono watu wake.

Wenye kuajiri wasifanye watu kuwa kitu cha kwanza cha kupunguzwa. Aliyegawana faida na wenye hisa katika miaka minono asiwaachie wafanyakazi peke yao miaka myembamba.

Wafanyabiashara wetu nao wajichunguze. Mazuti yakipanda, nauli hupanda siku ile ile. Yakishuka, twaambiwa tungoje. Kuzuia mkononi punguzo ambalo tayari umelipata ni kukaa na kitu cha mwenzako.

Nasi wanunuzi hatuko nje. Kufurahi kwa unga wa bei nafuu si dhambi. Maskini ana haki ya kufurahi. Kosa ni kumbana mwenye haraka, yule mama anayetaka kumaliza kapu lake kabla ya giza, mpaka auze chini ya alichonunulia.

Mwaka 2025 serikali yetu ilifanya jambo ambalo halikuzoeleka. Kobalti ilipokuwa imeanguka sana, mwezi wa Februari ilizuia isitoke nchini, na tangu Oktoba iliweka kipimo: tani 96,600 kwa mwaka kwa miaka ya 2026 na 2027. Kwa kuwa Kongo hutoa zaidi ya sehemu saba katika kumi za kobalti ya dunia, bei ilipanda. Ndipo ilipoonekana kwamba bei si mvua. Yashushwa na watu, yapandishwa na watu, na kwa hiyo watu wataulizwa habari zake. Lakini swali letu labaki lile lile. Katika miezi ya kuzuia, nani alilala njaa? Na bei ilipopanda, je, ongezeko limefika kwa aliyeshika sururu, au limeishia kwa wenye mashamba ya juu ya mfereji?

Kwa hiyo, msomaji mwema, utakaposikia kwamba bei fulani imeshuka, usiharakishe kusema kufa kufaana. Uliza kwanza mambo mawili: ni nani aliyepoteza kazi ili kitu hiki kiwe rahisi, na urahisi wenyewe umeishia kwa nani? Ukiuliza hivyo sokoni, kazini, na hasa siku ya kuchagua viongozi, utakuwa umeanza kazi ya haki.