Mfinyanzi na Gae Lake

Wahenga walinena: mfinyanzi hulia gaeni. Katika gulio la Lyulilo, karibu na Matema, ukingoni mwa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, methali hii huonekana kwa macho. Vyungu hufinyangwa na wanawake wa Kikisi huko Ikombe, hupakiwa mitumbwini, huuzwa Lyulilo, kisha husafiri hadi miji ya mbali. Anayekipikia chungu hicho hajui kilitoka mikononi mwa nani. Je, mikono ile inamdai chochote?

Swali hilo huwahusu pia wasanii, hasa wanaoihamisha tanzia kutoka jukwaani kuipeleka kwenye filamu. Mwaka 1821, mjini Leipzig, Ujerumani, Johann Christian Woyzeck alimchoma kisu mjane Johanna Christiane Woost, akamuua. Mwaka 1824 alikatwa kichwa hadharani. Georg Büchner aliitungia kesi hiyo tamthilia, akafariki mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 23, kabla hajaikamilisha. Mwaka 1979 Werner Herzog akaifanya filamu.

Woyzeck wa Büchner ni askari fukara. Daktari humlipa vijisenti ili ale njegere tupu, apate kumchunguza. Kapteni humsimanga kwamba hana maadili. Mwenye cheo humnyang'anya mwenziwe. Tamthilia yauliza: kisu kile ni cha nani hasa? Jukwaani, muuaji na muuawa husimama mbele ya mtazamaji kwa umbali mmoja, naye huchagua amwangalie yupi. Kamera humchagulia. Herzog aliyaonyesha mauaji kwa mwendo wa polepole, na uso wa mwigizaji Klaus Kinski ukatawala. Uchungu wa muuaji ukasomeka wote. Wa Marie, jina alilopewa muuawa tamthiliani, ukafifia.

Kumhurumia mkosaji si kosa. Pasipo huruma hiyo, ufukara uliomsaga Woyzeck usingejulikana, na hukumu ya Leipzig ingebaki kuwa neno la mwisho. Kosa ni kuinunua huruma hiyo kwa kumsahau aliyekufa. Msanii ana ruhusa ya kubadili chombo, umbo, hata jina. Hana ruhusa ya kuyafanya maisha ya marehemu kuwa kuni za kuchomea chungu chake.

Tanzia hii itahamishwa tena. Atakayeibeba ni huru kuifinyanga apendavyo, ila ambakishie Woost kitu kilicho zaidi ya gae.