Uchungu wa Kuanzishwa

Katika wodi za wazazi za Ukambani, nchini Kenya, mama anayeanzishiwa uchungu hujikuta akijibu swali ambalo daktari hakumuuliza. Mama mkwe, jirani wa kitanda cha pili, pengine hata mumewe, wanataka kujua mbona hakungoja. Huulizwa kwa upole, lakini ndani ya upole huo mna hukumu: kwamba mtoto aliyeitwa kwa dripu hakuja mwenyewe, na kwamba uzazi wa namna hiyo umepungukiwa. Hukumu hiyo haina haki, na sababu za kuikataa zimo katika fikra za Wakamba wenyewe.

Mwanamke wa Katangi, kule Yatta, tarehe yake ikipita hawezi kuanzishiwa uchungu popote tu. Shirika la Afya Duniani linashauri kazi hiyo ifanywe mahali ambapo upasuaji unawezekana, kwa hiyo hufunga nguo za mtoto na kitabu cha kliniki, akashika njia ya Matuu au Machakos mjini. Wiki 41 zikitimia, kungoja hubadilika sura, kwa sababu kadiri siku zinavyosonga hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda. Mkunga hupima njia ya uzazi. Akiikuta ngumu na imefunga, mama anaweza kupewa misoprostol, dawa iliyoanza maisha yake kama tiba ya vidonda vya tumbo, kwa kipimo kidogo mno cha mikrogramu 25 kila baada ya saa 2. Njia ikishalainika, huenda ikafuata dripu ya oksitosini. Hapo kuna saa nyingi za kulala, kuamka, kutembea akishika ukuta na kupimwa tena, na safari yote yaweza kuchukua hata siku mbili. Wengi waliopitia uchungu wa kujianzia na wa kuanzishwa husema uchungu wa dripu ni mkali zaidi. Anayedhani mama huyu amechagua njia ya mkato hajawahi kukaa naye usiku.

John Mbiti, mwanafalsafa aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, angefaa kusikilizwa katika wodi hiyo. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba katika fikra za jadi wakati hautangulii tukio. Tukio ndilo linalofanya wakati uwepo. Mmoja wa mifano yake ni mama mjamzito anayehesabu miandamo ya mwezi: anachohesabu ni yale yanayopita mwilini mwake. Wenzake walimpinga, Kwame Gyekye wa Ghana miongoni mwao, hasa kwa madai yake kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali. Hapo nipo upande wa Gyekye, maana hakuna anayebeba mimba bila kuona mbali. Lakini juu ya tukio na wakati, Mbiti ametuachia jambo la kushika. Tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu cha kliniki ni hesabu ya siku 280 tangu hedhi ya mwisho, basi. Haijawa siku ya mtu yeyote. Anayesema siku ya mtoto haijafika anazungumza kana kwamba siku hiyo imekwisha kuumbwa na iko njiani inakuja, na daktari ameikatiza. Kwa mantiki ya Mbiti, siku hiyo haipo mahali popote. Itakuwepo mtoto atakapozaliwa, na watakaoifanya iwepo ni mama, mkunga na mtoto mwenyewe.

Majina yetu yanathibitisha hivyo. Mtoto wa asubuhi huitwa Kioko, wa usiku Mutuku, wa mvua Wambua au Mbula. Nimesikia hofu kwamba hospitali inavuruga desturi hii, kwamba saa iliyopangwa na daktari haiwezi kumpa mtoto jina. Lakini daktari hupanga mwanzo tu. Dawa inayotolewa mchana yaweza kuleta mtoto usiku wa kesho yake, na mvua ya Novemba haiulizi wodi ina mpango gani. Saa ya kuzaliwa inabaki kuwa siri hata kwa aliyetundika dripu.

Tena kuna Mutua, jina wanalopewa, miongoni mwa wengine, watoto waliokawia tumboni. Wazee walijua vizuri kwamba mimba inaweza kupitiliza. Ila jina hilo walilipata waliotoka wakiwa hai. Waliokawia wakafa hawakufika kwenye jina, na ndiyo sababu kumbukumbu ya jamii inaonyesha kungoja kama jambo lililoleta heri daima. Nikifikiria mwanamke anayeambiwa angengoja, nawafikiria hao ambao hakuna aliyewaita.

Wala si kweli kwamba kuharakisha uchungu ni jambo la kizungu. Daktari wa Kinorwe, Lorents Gran, akihudumu Kongo miaka ya 1960, aliwaona wanawake wakinywa chai ya mmea waliouita kalata-kalata ili uchungu ushike kasi. Baadaye ikagunduliwa kwamba ndani yake mna protini ndogo yenye umbo la duara, isiyoharibika hata ikichemshwa, na mpaka leo wanasayansi wanaichunguza. Mikono ya watu imekuwa ndani ya uzazi tangu zamani. Kilichobadilika ni kipimo, na uwezo wa kujua mapema jambo linapoharibika.

Hannah Arendt, mwanafalsafa aliyewakimbia Wanazi wa Ujerumani, aliandika mwaka 1958 kwamba kila anayezaliwa analeta duniani mwanzo ambao haukuwepo. Nakubaliana naye, na ningependa kuongezea kitu kutoka Ukambani. Hakuna aliyejianzisha. Hata uchungu unaokuja wenyewe alfajiri humkuta mtoto akiwa ameanzishwa na wengine. Na Mbiti anasimulia kwamba kwa Wakamba kuzaliwa hakukuishia siku ya kutoka tumboni. Siku ya tatu mbuzi alichinjwa na wanawake wakakutana kumpa mtoto jina. Siku ya nne baba alimvisha mkufu. Kabla ya hapo alihesabiwa bado ni wa ulimwengu wa mizimu. Kuwa mtu kulihitaji siku kadhaa na watu wengi. Basi dripu imegusa hatua moja tu ya kazi ndefu, na wale wanawake wanaomhukumu mama ndio waliokabidhiwa hatua zinazofuata.

Yote haya hayaipi hospitali ruhusa ya kufanya ipendavyo. Kama siku hufanywa na watu, basi kuna wa kuulizwa juu yake. Dawa hizi zina nguvu: zikizidi, mji wa mimba hubana bila kupumzika, mtoto hukosa hewa, na kwa mama aliyewahi kupasuliwa mji huo unaweza kuchanika. Kwa hiyo anayemwanzishia mwanamke uchungu kisha akamwacha usiku kucha bila mtu wa kuhesabu mibano na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, amefanya kosa zito kuliko aliyeacha mambo yaende yenyewe. Mwaka 2014 wanawake 61 kati ya 100 nchini Kenya walijifungulia katika vituo vya afya. Kufikia 2022 walikuwa 82. Wamekubali kuja. Inayobaki ni kazi ya kuwapokea kama watu wenye akili, wanaostahili kuelezwa kinachofanyika.

Ukiambiwa kesho utaanzishiwa uchungu, uliza ni kwa nini, ni dawa gani, ni nani atakayekuwa zamu usiku, na kama chumba cha upasuaji kiko tayari. Usione haya, na wala usiogope kuonekana mjuaji. Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa na haki ya kukubali au kukataa, na majibu hayo unastahili kuyapata kabla ya dawa ya kwanza kukufikia.