Mke Aliyezaa kwa Kupasuliwa na Haki Yake kwa Mumewe

Mke akizaa kwa njia iliyozoeleka, watu wa nyumba hujua la kutenda: hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja, hupikiwa uji wa pilipili manga, na siku arubaini haonekani jikoni. Lakini mke aliyepasuliwa tumbo akatolewa mtoto hurejea kutoka hospitali na watu wasijue wamweke wapi. Wako wanaosema, "Huyu hakuzaa, amezalishwa," kana kwamba mtoto amempata bila ya taabu. Na wako waume ambao, wakisha kulipa hospitali, huona deni lao limekwisha.

Neno la kwanza halina asili. Mtoto yule hunasibishwa na baba yake, hurithi na hurithiwa, na hapana kadhi anayeuliza alitokea mlango gani. Itakuwaje mtoto awe mtoto kamili, na mama awe nusu ya mama? Sura Luqman imetaja udhaifu juu ya udhaifu wa mwenye kubeba mimba, na huyu aliibeba kama walivyobeba wenzake. Wala si wachache hawa: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitaja kuwa zaidi ya mtoto 1 katika kila 5 ulimwenguni huzaliwa kwa kupasuliwa.

Neno la pili ndilo zito, kwani lina hoja ya fiqhi. Mume husema kuwa imeandikwa katika Minhaji ya Imamu Nawawi kwamba ujira wa tabibu na thamani ya dawa si wajibu juu ya mume. Basi alicholipa hospitali ni ihsani yake, asidaiwe zaidi. Kweli imeandikwa, na aliyeisoma hakukosea. Shirazi katika Muhadhabu ameipigia mfano wa mpangaji, kuwa halazimiki kuitengeneza nyumba ikibomoka. Lakini mume huyu amesoma masala moja, akafunika kitabu. Mlango ule ule wa nafaka wasema kuwa mke akihitaji kuhudumiwa kwa sababu ya ugonjwa, ni wajibu mume ampatie mtumishi, hata kama kwao hakuzoea kutumikiwa.

Sasa na atazamwe aliyepasuliwa. Kisu kimepita ngozi, kikafika kwenye kizazi, na vyote vimeshonwa tabaka kwa tabaka. Kucheka kwamuuma, kukohoa kwamuuma, kuinuka kitandani apate kumnyonyesha mtoto ni kazi peke yake. Madaktari humkataza kwa muda wa kama wiki sita asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake. Kisha huonekana amebeba ndoo ya maji, na mume ameketi barazani! Kama huyu si mwenye kuhitaji mtumishi, ni nani basi? Na mume asiyeweza kumlipa mtu, akateka maji kwa mikono yake, hapungukiwi na murua, kwani Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani mwake.

Ama ule mfano wa mpangaji, mwenye insafu atautazama tena. Mpangaji halipi ukuta uliobomolewa na mvua. Ukuta huu umefunguliwa ili atoke mtoto wa mpangaji mwenyewe. Ndiyo maana wanazuoni wa zama hizi, kama Sheikh Wahba Zuhayli, wameona matibabu yahesabiwe katika nafaka. Na katika ada ya pwani, mume alipooa alitoa mkaja kwa mama wa bibi arusi, nao ni nguo ya kufungia tumbo la mzazi. Aliutoa kwa tumbo lililomzaa mkewe, wala hakuuliza kama kitabu kimemlazimisha.

Wazee wanaomkanda mzazi nia yao ni njema, lakini jeraha bichi halikandwi wala halikazwi kwa nguo, illa kwa idhini ya daktari. Damu ya uzazi ikikatika kabla ya siku arubaini, humpasa kuoga na kusali. Penye bendeji hupangusa kwa maji na kutayamamu, na asiyeweza kusimama husali kwa kukaa. Na siku arubaini zikitimia si kwamba jeraha limepona: mwenye maumivu asishurutishwe kitandani.

Kuhusu mimba nyingine, madaktari hutaka ipite miaka miwili tangu kuzaa, kwani kovu la kizazi likibebeshwa mapema huenda likapasuka. Na miaka miwili ndiyo muda wa kunyonyesha uliotajwa katika Sura Baqara. Anayeona haya kuzuia mimba kwa muda huo na aifungue Ihya ya Imamu Ghazali: alipohesabu nia zinazojuzisha azli, alitaja kumkhofia mke khatari ya kuzaa.