JE, NIANDIKE NA JINA LAKE?



Katika kikao cha wamama kilichofanyika hapa Lusangi baada ya Pasaka, tulizungumza juu ya kazi ambayo waamini wengi wameianza, ndiyo kuandika mambo waliyoyapitia wakati wa vita. Kila mwenye kutaka alipewa kaye moja na biki. Hakuna aliyelazimishwa. Asiyejua kusoma alitafuta mtu wa kumwandikia. Tulipomaliza kueleza, mama mmoja akasimama kule nyuma, akauliza: "Baba Shemasi, mnasema tuandike yote. Yule aliyenitenda ninamjua, na siku ya Jumapili ninamwona. Je, niandike na jina lake?"

Watu wakanyamaza. Sisi tukamjibu kwa haraka, kama tulivyozoea, kwamba Mungu anayajua majina yote, kwa hiyo si lazima. Yule mama akaketi. Lakini usiku ule hatukupata usingizi, maana jibu letu lilikuwa jibu la mtu mwenye woga. Tulijua moyoni kwamba hata jina letu sisi linaweza kuandikwa katika kaye ya mtu.

Basi leo tunalirudia swali lile, na mwenye kuuliza atusamehe kwa kuchelewa.

Wazee waliokuwa vijana mwaka 1964 wanawakumbuka waasi wa Simba. Sisi wa umri wa katikati tunakumbuka vita vya 1996 na 1997, kisha vile vilivyoanza tarehe 2 mwezi wa nane 1998 vikaendelea mpaka 2003. Mjini Kasongo walikaa askari wa RCD, na porini walikaa Maimai. Mtu wa mjini akienda shambani kwake aliitwa mpelelezi wa waasi. Mtu wa porini akija sokoni kutafuta chumvi aliitwa Maimai. Amani iliposainiwa, wenzetu wa Kabambare hawakuiona upesi, na watu wa Salamabila watatuambia wameona nini hata miaka ya baadaye. Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti yake tarehe 1 Oktoba 2010, nayo inataja matukio makubwa 617 katika Kongo nzima, tangu mwezi wa tatu 1993 mpaka mwezi wa sita 2003. Ile ni kazi kubwa, na tunawashukuru walioifanya. Lakini ni nani hapa kwetu asiyejua mto au kibanda ambacho hakimo katika zile 617?

Hayo yasiyomo, yako wapi? Yamo ndani ya watu. Yanatoka usiku kwa ndoto, au yanatoka kwa fimbo juu ya watoto ambao siku zile hawakuwa wamezaliwa.

Wengine wanauliza kama karatasi inaweza kuponya, maana karatasi si dawa na biki si mkono wa nabii. Ni swali zuri. Mwaka 1986 mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko Texas, Marekani, jina lake James Pennebaker, alitangaza jambo alilolijaribu kwa wanafunzi wake. Aliwaomba baadhi yao waandike dakika 15 kwa siku, siku nne zikifuatana, juu ya jambo lililowaumiza kuliko yote, na wengine waandike mambo ya kawaida. Siku zile za kwanza wale walioandika maumivu yao walihuzunika zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata, walioandika jambo lenyewe pamoja na jinsi lilivyowaumiza walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Tunataja na ile huzuni ya kwanza kwa makusudi, ili mtu akilia juu ya kaye yake siku ya pili asidhani amerogwa.

Na kwa majirani zetu wa Uganda, katika kambi za wakimbizi za Imvepi na Nakivale, wameifanya kazi hii kwa njia nyingine. Mkimbizi anasimulia maisha yake tangu kuzaliwa, msaidizi anaandika, na siku ya kuonana tena anamsomea naye anasahihisha. Kule Nakivale wasaidizi wenyewe walikuwa wakimbizi waliofundishwa, si madaktari. Wanatandaza kamba chini, ndiyo maisha ya mtu. Juu ya kamba wanaweka ua kwa siku njema na jiwe kwa siku mbaya. Mama asiyejua hata herufi moja anaweza kuitandaza kamba hiyo. Jambo lililokuwa linakuja vipande vipande, leo harufu ya moshi, kesho sauti ya mbwa, linapata mwanzo na mwisho, na mwenye nalo anajua kwamba lilitokea siku fulani na siku hiyo imepita.

Kisha kazi hiyo ililetwa Goma, kwa watu waliokuwa wamebeba silaha, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2013. Kwa watu hao maua na mawe hayakutosha. Waliongeza vijiti, na kijiti ni alama ya ubaya ambao mtu aliutenda yeye mwenyewe. Ndugu, tulipoyasikia habari za vijiti hivyo tulijua tumefika kwenye jambo lenyewe. Kaye nyingi tulizosomewa hapa zimejaa mawe. Kijiti hatukukiona hata kimoja, na kwetu sisi pia hakikuwemo.

Kuandika peke yake hakumwoshi mtu. Sisi watu wa Kasongo tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Mtu wa kwanza wa historia yetu kuandika maisha yake kwa Kiswahili alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye babu zetu walimwita Tippu Tip, na Kasongo ilikuwa makao yake. Aliandika Unguja katika uzee wake, akafa mwaka 1905. Anahesabu pembe zake, anasimulia vita vyake na vijiji alivyovishinda, na mkono wake hautetemeki. Wale waliotembea na kamba shingoni hawakuandika, isipokuwa wachache sana. Mmoja wao ni Disasi Makulo, aliyekamatwa na watu wa Tippu Tip akiwa mtoto, akakombolewa na Stanley mwaka 1883, baadaye akawa mhubiri wa Injili huko Yalemba. Aliwasimulia watoto wake, na kitabu cha maisha yake kilipigwa chapa Kinshasa mwaka 1983. Hata Kiswahili hiki tunachoandikia gazeti letu kilifika kwetu kwa njia ile ile ya misafara. Mmoja aliandika kama mwenye mali, mwingine alisimulia kama aliyekuwa mali. Kinachokosekana katikati ni mtu anayesema: nilitenda hivi, na uzito wake ni huu.

Mtu huyo yumo katika Biblia. Tunapomtaja Daudi tunakumbuka zaburi zake za toba, tunasahau kwamba mkono ule ule uliandika barua ya kumwua Uria, na Uria mwenyewe ndiye aliyeibeba mpaka kwa Yoabu. Someni 2 Samweli 11. Mkono ulioua kwa karatasi ndio ulioandika tena kwa karatasi. Na aliponyamaza, asema katika Zaburi ya 32, mifupa yake ilichakaa. Hakuwa aliyetendwa, ndugu, ndiye aliyetenda, na bado mifupa iliuma.

Sasa tuseme yetu.

Mwaka 2001 tulikuwa na miaka 19. Watu wenye silaha, hatutasema wa upande gani, walitukuta njiani, wakatubebesha mchele na chumvi. Jioni wakauliza watu wa kijiji fulani wanalala wapi porini. Mahali tuliposimama pana njia mbili. Moja inateremka mtoni, na huko alijificha baba mmoja pamoja na jamaa yake, mtu tuliyemjua, maana mwanawe tulisoma naye. Njia ya pili ilikwenda kwenye kibanda alimolala mama yetu mzazi. Tulionyesha ile ya mtoni. Usiku tulisikia bunduki. Yule baba hakurudi.

Tulipopewa kaye kama waamini wengine, tuliandika hivi: "Njia ilionyeshwa." Siku ya pili tukasoma, tukafuta, tukaandika: "Tulilazimishwa kuonyesha njia." Hilo ni kweli, bunduki ilikuwepo. Lakini hata hilo halikukaa, maana bunduki ilitulazimisha kuonyesha njia, haikutuchagulia ipi. Siku ya nne tukaandika: "Nilionyesha njia ya mtoni." Katika gazeti hili shemasi huandika "sisi", ndiyo adabu ya kanisa, kwa kuwa hasemi kwa ajili yake peke yake. Katika kaye neno hilo lilikuwa mahali pa kujificha.

Mtatuuliza kama kijana wa miaka 19 aliyemwokoa mama yake ana dhambi. Tumemwuliza mchungaji, tumeomba, tumefunga, na mpaka leo hatuna jibu moja. Siku nyingine tunaona tungefanya vile vile. Lakini tumeelewa kwamba kuulizana kama ni dhambi au si dhambi kulikuwa kumetuzuia miaka zaidi ya 20 kusema jambo lililotokea, na kuna mtu aliyekuwa analihitaji jambo hilo kuliko sisi tulivyohitaji hukumu.

Kwa hiyo, mama uliyeuliza, jibu letu ni hili. Andika na jina lake. Kaye ni yako, wala si ya shemasi. Hatuna haki ya kukuambia ufiche jina la mtu ili ibada yetu iwe na utulivu, na tulipofanya hivyo tulikosa. Kusoma mbele ya watu ni jambo jingine. Jina likitamkwa hadharani kabla mwenye jina hajaitwa na kusikilizwa, linaweza kuwasha moto ambao utawaunguza watoto wasiojua lolote, na hapa kwetu tumeona nyumba zikichomwa kwa neno moja. Ukitaka kwenda mbele ya sheria, jina litahitajika, pamoja na tarehe na mahali. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 inazungumza juu ya waliotendewa maovu ya vita na fidia yao, na mfuko wa FONAREV umewekwa kwa kazi hiyo. Mwenye kuandika ili apate haki yake asichekwe. Lakini afanye karatasi mbili, maana karatasi ya fidia hujibu maswali ya wengine, na ile ya moyo hujibu maswali yako mwenyewe.

Na ninyi vijana mnaowaandikia wazee, mdomo wenu uwe umefungwa. Kuna mambo ya mwili ambayo bibi hawezi kuyasema mbele ya mjukuu wake. Hayo aandikiwe na mama mwenzake, na kaye akae nayo yeye. Asiyetaka kuandika aachwe. Akitaka kuichoma kaye yake pia aachwe. Mfalme Yehoyakimu alichoma kitabu cha Yeremia, Baruku akaandika tena na kuongeza, lakini aliyechoma pale hakuwa mwenye kitabu.

Tulimwendea mjane wa yule baba kabla ya kuandika haya, na kwa ruhusa yake tunayaandika, bila jina la mto wala la kijiji. Yeye pia alikuwa na kaye, mjukuu wake wa kike ndiye anayemwandikia. Tulipiga magoti, tukasema. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na mama yako, alijua?" Tukamwambia: "Hapana, mama, alikufa bila kujua." Akasema: "Haya, mwanangu, keti." Hakusema kwamba amesamehe, nasi hatukumwuliza.

Kisha akamwambia mjukuu alete kaye, atusomee ukurasa mmoja. Katika ukurasa ule palikuwa na maneno haya: "Sijui walijuaje mahali petu." Chini yake mstari ulikuwa umeachwa wazi. Yule mama akatupa biki, akasema tuandike pale, kwa mkono wetu wenyewe. Tuliandika kurasa mbili. Mjukuu akasoma. Mama akasema asome tena. Halafu akauliza kama siku ile mto ulikuwa umejaa, kwa maana yeye anakumbuka maji mengi, na watoto wake humwambia kwamba anaota tu. Tukamjibu kwamba ndiyo, mama, ulikuwa umejaa mpaka kwenye mizizi. Akamwambia mjukuu aandike na hilo.